Nyumba za Baraza: Historia ya Paa la Mnyonge Nakuru

Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo, Shauri Yako, Lumumba, Kimathi, Ojuka, Paul Machanga, Abong' Lo Weya: mitaa yote hii ya Nakuru ina nyumba za mwenye mmoja. Zamani mwenye nyumba huyo aliitwa Baraza la Manispaa. Tangu Machi 2013 anaitwa Serikali ya Kaunti. Nyumba zenyewe nyingi ni safu za chumba kimoja kimoja, mlango kwa mlango, bomba na vyoo vikiwa vya pamoja. Kuna waliozaliwa humo ambao leo wana wajukuu. Kodi imekuwa nafuu kuliko ya ploti za watu binafsi kule Kaptembwa na Rhonda, na kwa sababu hiyo mpangaji hahami. Akizeeka humwachia mwanawe chumba, au humpangisha mtu mwingine kimyakimya na kula tofauti.

Nafuu hiyo ya kodi haikuwahi kuitwa msaada, wala aliyeipata hakupewa cheti cha kuonyesha kwamba anasaidiwa na serikali. Hata hivyo ndiyo ruzuku ya makazi iliyodumu kuliko zote alizowahi kuonja maskini wa mjini Nakuru. Na kila serikali ilipogeuza njia za pesa za umma, iwe ni mishahara, ushuru, pensheni au misaada, nafuu hiyo ilitikisika, na mwenye nyumba akaumia pamoja na mpangaji wake, ingawa kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mkosaji.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji. Reli ilijenga landi kwa ajili ya vibarua wake, safu za vyumba jirani na stesheni, na humo kazi na kitanda vilikwenda pamoja: aliyeachishwa kazi alikabidhi na ufunguo. Nje ya mji, kwenye mashamba makubwa ya walowezi kuanzia Njoro hadi Elementaita, mambo yalikuwa hayohayo kwa sura nyingine. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka, na badala yake akapewa ruhusa ya kujenga kibanda, kulima kipande cha ardhi na kulisha mifugo yake. Pesa alizolipwa zilikuwa kidogo mno. Malipo ya kweli yalikuwa kibanda, shamba na malisho.

Kisha malipo hayo yakaanza kukatwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 1937 na kuanza kutumika mwaka 1940 iliyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi mamlaka ya kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo ya maskwota. Wakati huohuo baadhi ya waliofukuzwa mashambani walipelekwa Olenguruone, kwenye nyanda za juu za Nakuru, mwaka 1941. Ulipozuka ugomvi juu ya masharti ya kuishi huko, serikali ikawaondoa kwa nguvu kabla ya mwaka 1950 kuisha. Familia zilizopoteza kibanda na malisho hazikupewa mshahara wa kufidia hasara hiyo. Nyingi zilishuka mijini, na Nakuru ilikuwa karibu.

Mjini zilikuta vyumba ambavyo havikujengwa kwa ajili ya familia. Serikali ya kikoloni ilikadiria mshahara wa chini kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto pembeni, kana kwamba mke alikuwa akijilisha mwenyewe kijijini. Mwajiri alitakiwa ama ampe mfanyakazi mahali pa kulala, ama amwongezee pesa za kupangia. Mabaraza ya miji yalijenga kwa kipimo hichohicho: kitanda, siyo nyumba. Wafanyakazi waliliona tatizo mapema. Katika mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939, marupurupu ya nyumba yalikuwa miongoni mwa madai ya mbele kabisa, na baadhi ya waajiri walilazimika kuyalipa.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, iliandika jambo lililoonekana kubwa wakati huo: mshahara wa Mwafrika mjini lazima utoshe kulea familia, na lazima ujumuishe gharama ya nyumba ya familia. Serikali ilikubali sehemu ya maoni hayo na kuyatekeleza polepole. Lakini mshahara ni karatasi, unaweza kubadilishwa kwa tangazo la siku moja. Matofali hayabadiliki hivyo. Nakuru ilikuwa na vyumba vya makapera, na sasa sera ilisema mfanyakazi aje na mkewe na watoto. Walikuja. Wakatundika pazia katikati ya chumba, na familia za leo katika baadhi ya safu hizo bado zinaishi nyuma ya pazia hilo.

Mwaka mmoja kabla ya ripoti ya Carpenter, mwaka 1953, iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba. Kazi yake ilikuwa kuyakopesha mabaraza ya miji pesa za kujenga. Utaratibu huu ndio mfupa wa historia yote inayofuata. Baraza lilikopa, likajenga, likapangisha, kisha kodi ya wapangaji ikatarajiwa kulipa mkopo, riba na matengenezo. Mwenye nyumba alianza kazi akiwa mdaiwa. Kodi ikiwa ndogo mno, deni halilipiki. Ikipanda, mpangaji wa mshahara mdogo anashindwa. Kati ya mawili hayo palihitajika mkono wa tatu, yaani pesa nyingine za umma za kuziba pengo.

Uhuru ulipokuja, mkono huo ulionekana upo. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa wataalamu Bloomberg na Abrams uliichunguza hali ya makazi nchini na kutoa ripoti iliyosukuma serikali kuandika sera yake ya kwanza ya nyumba, Waraka wa Kikao Nambari 5 wa mwaka 1966/67. Mwaka 1967 Bodi Kuu ikageuzwa kuwa Shirika la Taifa la Nyumba. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulikuwa umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Majina ya mitaa kama Kimathi na Lumumba yanabeba hamasa ya enzi ile, watu walipoamini kwamba nyumba ya baraza ni sehemu ya matunda ya uhuru. Mji nao ulikua haraka: sensa ya mwaka 1969 iliwahesabu wakazi wapatao 47,000, na ile ya mwaka 1979 ikawakuta karibu 93,000.

Mabaraza ya miji wakati huo yalitegemea kodi za nyumba, ushuru wa ardhi, na juu ya yote ushuru wa kichwa uliopanda kwa ngazi kulingana na kipato cha mtu. Huu wa tatu haukupendwa. Askari waliwasaka wasiokuwa na risiti, na mtu angeweza kulala korokoroni kwa sababu ya shilingi chache. Lakini ndio uliokuwa uti wa mgongo wa baraza, kwa kuwa ulikusanywa hapo mjini na kutumika hapohapo.

Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu. Mabaraza ya wilaya yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, na kazi hizo zikaenda serikali kuu. Manispaa kubwa, Nakuru ikiwemo, ziliachiwa mzigo huo ziendelee kuubeba. Ilionekana kama heshima. Kisha serikali kuu ikaanzisha kodi ya mauzo mwaka 1973, na ushuru wa kichwa wa mabaraza ukafutwa kuanzia mwaka 1974. Ruzuku zilizoahidiwa kufidia pengo hilo zilipungua mwaka hadi mwaka. Nakuru ikabaki na shule, zahanati, barabara na maelfu ya nyumba za kutunza, huku chanzo chake kikubwa cha pesa kimehamia Nairobi.

Nimesoma maelezo mengi ya kwa nini nyumba za baraza zilichakaa, na mengi yanaanza na ufisadi wa madiwani au ukaidi wa wapangaji. Vyote viwili vilikuwepo, wala sitavitetea. Lakini jengo la mjini halianzi kuoza siku diwani anapoiba. Linaanza siku hesabu zake zinapovunjika, na hesabu za Nakuru zilivunjika mwaka 1974. Tangu hapo kodi ya mpangaji wa Kivumbini, iliyopaswa kulipa mkopo na kupaka rangi ukuta, iliingia kwenye kapu moja na mahitaji mengine yote ya manispaa. Mwisho wa mwezi mishahara ilitangulia. Paa lililovuja lilisubiri.

Mpangaji aliliona hilo. Alilipa kodi miaka mitano bila fundi kufika, choo cha pamoja kikaziba, bomba likakauka. Hakuandika barua, aliacha kulipa kwa wakati. Baraza likaona malimbikizo, likaacha kukarabati zaidi. Siasa ikakamilisha kazi. Kupandisha kodi ya nyumba za baraza kulikuwa kujitafutia kuanguka kwenye uchaguzi, maana mitaa hii ilikuwa na kura nyingi zilizokusanyika mahali pamoja. Kodi ikabaki chini huku bei ya kila kitu ikipanda, na nafuu ya mpangaji ikakua bila mtu yeyote kuiamua. Shirika la Taifa la Nyumba nalo likawa linayadai mabaraza mikopo ya zamani, na mkopeshaji asiyelipwa hakopeshi tena. Ujenzi wa nyumba za kupangisha wa mabaraza ukasimama karibu nchi nzima.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa miaka ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani. Mabaraza yalipewa ada ya huduma mwaka 1988, kisha ada hiyo ikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na mgao wa mfuko wa kuhamishia mabaraza pesa za serikali kuu, LATF, asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa, ulioanza mwaka wa fedha wa 1999/2000. Huku juu serikali ilikuwa ikipunguza watumishi wake kwa mpango ulioanza mwaka 1993. Nakuru ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, mji wa makarani, madereva, matarishi na wauguzi. Aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara pamoja na marupurupu ya nyumba. Kodi ya baraza, iliyokuwa ikikatwa bila yeye kuifikiria sana, sasa ilitakiwa itoke kwenye biashara ya mitumba au kibanda cha mboga. Hivyo ndivyo mageuzi yaliyoandikwa kwa lugha ya bajeti yalivyofika Flamingo na kuwa malimbikizo kwenye daftari la kodi.

Palikuwa na jaribio jema katikati ya miaka ile. Kuanzia mwaka 1995 Nakuru ilikuwa mojawapo ya miji iliyochaguliwa na Umoja wa Mataifa kwa mpango wa Ajenda 21 ngazi ya mji, kwa msaada wa Ubelgiji. Wakazi, baraza na wataalamu walikaa pamoja kupanga mustakabali wa mji ulio chini ya mlima Menengai, na hali ya nyumba za baraza ikawa miongoni mwa mambo waliyoyajadili. Mawazo yalikuwepo. Hapakuwa na mfuko wa kuyafuata.

Nikifika kwenye reli inanibidi nisimame zaidi, kwa maana hapo ndipo fungamano la mafao na makazi linapoonekana bila pazia. Mwaka 2006 serikali ilimkabidhi mwekezaji, Rift Valley Railways, uendeshaji wa treni kwa mkataba wa miaka 25. Shirika la Reli lilikuwa na deni kubwa la pensheni kwa wastaafu wake, na sheria ya mafao ya mwaka 1997 ilikuwa imeweka kanuni mpya: pensheni lazima iwe na mfuko wake, wadhamini wake na mali yake. Pesa taslimu hazikuwepo. Kilichokuwepo kilikuwa ardhi na nyumba. Kwa hiyo mali nyingi za reli zikahamishiwa mfuko wa mafao wa wafanyakazi wa reli ili mapato yake yawalipe wastaafu.

Kwa mstaafu aliyekaa miezi bila pensheni ilikuwa haki iliyochelewa. Kwa aliyeishi kwenye landi ilikuwa habari nyingine, kwani mwenye nyumba wake mpya alikuwa na wajibu wa kisheria wa kupata faida. Nyumba iliyojengwa ili mfanyakazi alale karibu na kazi sasa ilipaswa kulisha mfuko. Mgogoro ulilipuka Muthurwa, Nairobi, mwaka 2010, wadhamini wa mfuko walipotaka kuwaondoa wapangaji ili ardhi ile ya thamani kubwa iendelezwe. Miongoni mwa waliotakiwa kuhama walikuwemo wastaafu wa reli na jamaa zao. Tafakari jambo hilo: mzee anafukuzwa kwenye chumba chake ili pensheni yake ilipwe.

Kesi ilifika Mahakama Kuu, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, akataka pande zote zikae na kupanga namna ya kuhama inayoheshimu utu, na serikali ieleze imefikia wapi katika kutunga sheria ya kuwahamisha watu. Alisimama juu ya Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika orodha moja inataja haki ya makazi yanayofaa na haki ya hifadhi ya jamii. Walioandika Katiba waliviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega. Serikali imeendelea kuviendesha kama mambo mawili yasiyojuana, na uamuzi wa Muthurwa unamhusu kila mpangaji wa nyumba ya umma katika mji wowote uliozaliwa na reli, Nakuru ukiwa mmojawapo.

Kati ya matukio hayo palipita mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilijaza uwanja wa maonyesho wa Nakuru watu waliochomewa nyumba Molo, Kuresoi na kwingineko. Serikali iliwapa waliohama shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliopoteza nyumba. Mjini, shilingi 10,000 zingelipia chumba kwa miezi michache tu. Vikundi vya wahamiaji viliamua njia yao wenyewe: walichanga pesa hizo, wakanunua ardhi kwa pamoja, wakagawana viwanja vidogo na kupiga mahema juu yake. Kambi ya Pipeline kando ya barabara kuu karibu na Nakuru ilipatikana hivyo. Ni mfano wa pekee ambapo msaada wa pesa mkononi uligeuka kuwa makazi, na uligeuka kwa akili na umoja wa waliopewa. Waliishi kwenye mahema miaka mingi, kwani ardhi ilinunuliwa na pesa za kujengea hazikuwepo.

Kwa upande wa ajira, mashamba ya maua ya Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru, yalirudisha mtindo wa zamani wa nyumba ndani ya ajira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, bado inasema kile ambacho sheria za kikoloni zilisema: mwajiri atoe nyumba inayofaa au aongeze pesa za kutosha kupanga. Baadhi ya kampuni zilijenga, nyingine zililipa marupurupu, na wapokeaji wa marupurupu wakajazana katika mitaa ya Karagita na Kasarani hukohuko Naivasha, kwenye vyumba vya watu binafsi. Kampuni ya Sher Karuturi, iliyokuwa na nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na hata timu ya kandanda, ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2014, maelfu ya watu waligundua kwamba mwajiri akianguka, mwenye nyumba ameanguka naye.

Uchaguzi wa Machi 2013 uliyafuta mabaraza ya zamani. Kaunti ya Nakuru ilirithi nyumba pamoja na madeni, wapangaji waliolipa na waliodaiwa, waliomo kwenye daftari na wale waliopangishwa na waliomo kwenye daftari. Kodi za nyumba zikawa mstari mmoja katika mapato ya ndani ya kaunti, kando ya ada za maegesho na leseni za biashara. Mwaka 2019 sensa ilihesabu wakazi zaidi ya 570,000 mjini, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji. Safu za chumba kimoja zikawa nyumba za jiji kwa siku moja, bomba la pamoja likiwa palepale.

Na msaada wa serikali kwa watu wenyewe? Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi, mlezi wa yatima au mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mpango mwema. Umewaokoa wazee wengi na aibu ya kuombaomba. Lakini kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi, na hakiulizi kama mpokeaji ana shamba Bahati au amepanga chumba Rhonda. Mzee wa kijijini hununua unga na sabuni. Mzee wa mjini aliye kwenye ploti ya mtu binafsi humpa landilodi na kubaki mikono mitupu. Mzee wa tatu, yule wa nyumba ya baraza, ndiye ambaye shilingi 2,000 zinaweza kumfaa kweli, kwa sababu kodi yake ni ndogo. Msaada wa taifa unafanya kazi mjini pale ambapo nafuu ya zamani ya baraza bado imeshikilia. Ukiondoa nafuu hiyo, msaada unapita mkononi mwa mzee kwenda kwa mwenye ploti.

Nchi tajiri nazo zimejikwaa kwenye jiwe hili. Uingereza ilipitisha sheria ya mageuzi ya mafao mwaka 2012, na kuanzia Aprili 2013 mpangaji wa nyumba za umma aliyeonekana ana chumba cha ziada alikatwa asilimia 14 ya msaada wa kodi, na asilimia 25 kwa vyumba viwili au zaidi. Mafao mengi yakaunganishwa kuwa malipo ya mwezi yanayokwenda kwa mpangaji mwenyewe, badala ya msaada wa kodi kumfikia mwenye nyumba moja kwa moja. Vyama vya nyumba na halmashauri vilijikuta na malimbikizo, wapangaji wakajikuta na barua za madai. Kule walikatwa kwa kuwa na chumba kimoja zaidi. Nakuru chumba cha zaidi hakijawahi kuwepo. Hata hivyo kosa ni lilelile, la kugeuza msaada wa mtu bila kuiuliza nyumba anayoishi kama itahimili.

Sasa tumefika kwenye mageuzi makubwa ya kizazi hiki. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri aongeze kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 28 Novemba 2023, na mwezi Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuuongezea muda. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, Rais William Ruto akaitia saini tarehe 19 Machi 2024, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaiacha isimame. Nakuru imeuona kwa macho mfano wa nyumba hizo za bei nafuu: mradi wa Bondeni wa nyumba 605, ulioanza kabla ya ushuru huo, unasimama kwa ghorofa juu ya mtaa wa nyumba za chini.

Sipingi ujenzi. Mji ulioongezeka mara kumi na mbili tangu sensa ya mwaka 1969 unahitaji kila chumba kinachoweza kujengwa. Ninachouliza ni nani analipa na nani anaingia. Kwa agizo la mishahara la mwaka 2022, kibarua wa shambani asiye na ujuzi alistahili angalau shilingi 7,544.66 kwa mwezi. Mtu huyo halipi kodi ya mapato, kwani kiwango cha kuanzia ni shilingi 24,000. Ushuru wa nyumba hauna kiwango cha kuanzia. Kwa mshahara huo alikatwa shilingi 113 na ushei kila mwezi. Sheria yenyewe inamweka katika kundi la nyumba za jamii, linalowahusu wenye kipato chini ya shilingi 20,000. Lakini mpango mzima umesimama juu ya kununua polepole: kujiandikisha kwenye mtandao wa serikali wa Boma Yangu, kuweka amana, kulipa kila mwezi kwa miaka. Kibarua ambaye kazi yake inategemea msimu wa maua hawezi kuahidi malipo ya miaka ishirini. Anachohitaji ni chumba cha kupangisha kwa kodi anayoiweza, kinachomilikiwa na umma na kutunzwa.

Chumba hicho kipo, kimekuwepo tangu ukoloni, kinachakaa Kaloleni na Kivumbini, na ushuru wa nyumba haukuundwa kwa ajili ya kukikarabati. Mageuzi haya yanaweza kurudia yaliyotokea mwaka 1974 kwa njia nyingine: pesa za makazi zinakusanywa mjini, zinapelekwa mfuko wa taifa, zinarudi kama majengo mapya ya kuuza, na mwenye nyumba wa zamani pamoja na mpangaji wake wanabaki na hesabu ileile iliyovunjika. Mitaa ya kale ikija kubomolewa kupisha ghorofa, nafuu iliyowahifadhi wajane, wastaafu na watoto wao itazikwa bila hata kuandikwa kwamba ilikuwepo.

Bunge la Kaunti ya Nakuru lina uwezo wa kuzuia hilo. Liamue kwamba kodi ya nyumba za umma iwekwe katika akaunti yake peke yake na itumike kwanza kwenye nyumba hizo, ili anayelipa amwone fundi. Lihesabu nani hasa anaishi katika kila chumba, na kumpa aliyemo hati ya upangaji kwa jina lake kabla tingatinga halijawasha injini. Wabunge wa Nakuru huko Nairobi nao wadai sehemu ya ushuru wa nyumba ikarabati na kujenga nyumba za kupangisha kwa wenye kipato chini ya shilingi 20,000, kwa kuwa hao nao wanaulipa. Nawe msomaji, ikiwa umelelewa katika moja ya safu hizo, nenda kwenye kikao cha maoni ya umma bajeti ya kaunti inapojadiliwa, useme kodi ile nafuu ilikufikisha wapi.